MISULI YA MWILI NA MTETEMEKO WA MIKONO MACHIMBONI

Mchimbaji mdogo wa dhahabu huko Geita au Kahama, mkoani Shinyanga, anapoinua nyundo na kuishusha juu ya tindo, misuli yake hufanya kazi kwa zamu. Msuli ulio mbele ya mkono wa juu hukunja kiwiko. Ulio nyuma hukinyoosha. Kila msuli una uwezo wa kuvuta tu, wala hakuna unaosukuma. Kwa hiyo mmoja unapojikaza, mwenziwe hauna budi kulegea.

Mwili wa binadamu una misuli zaidi ya 600 iliyoshikamana na mifupa kwa kano. Msuli ni mfano wa kamba nene: ndani yake mna mafungu ya nyuzi, na ndani ya kila uzi mna nyuzi nyembamba zaidi, zilizogawanyika katika pingili zenye urefu wa takriban sehemu 2 za elfu za milimita. Katika kila pingili zimepangwa protini za aina mbili: miosini, ambayo ni nene, na aktini, ambayo ni nyembamba. Mwaka 1954 makundi mawili ya watafiti, la Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, na la Hugh Huxley na Jean Hanson, yalieleza kwamba msuli ukijikaza protini hizo hazifupiki, bali hupishana.

Amri ya kujikaza hutoka kwenye ubongo, hupita katika uti wa mgongo na kuufikia msuli kwa mishipa ya fahamu. Hapo kalsiamu iliyohifadhiwa ndani ya uzi hufunguliwa, na vichwa vya miosini hupata nafasi ya kuishika aktini. Vichwa hivyo huvuta, huachia na kushika tena mbele kidogo, kama mabaharia wanaovuta kamba ya nanga mkono baada ya mkono. Amri ikikoma, kalsiamu hurudishwa ghalani mwake na msuli hulegea.

Aghalabu watu hudhani kwamba kulegea hakuhitaji nguvu. Sivyo. Vichwa vya miosini haviachii pasipo kemikali ya nishati iitwayo ATP, ambayo mwili huitengeneza kutokana na chakula. Ndiyo sababu maiti hukakamaa saa chache baada ya roho kutoka: ATP imekwisha, na vichwa vimebaki vimeshika.

Mtu aliyeponda mawe kutwa huweza kuona mikono yake ikitetemeka. Uchovu huo ni wa kawaida, na huondoka kwa kupumzika, kula na kunywa maji. Lakini upo mtetemeko mwingine usioondoka kwa mapumziko, ambao kosa lake haliko katika msuli bali katika amri inayoufikia.

Katika mialo ya kuchenjulia dhahabu, zebaki huchanganywa na mchanga wenye dhahabu, kisha tonge linalopatikana huchomwa. Mvuke wake hauonekani kwa macho. Ukivutwa, huingia katika damu kwa njia ya mapafu na kufika kwenye ubongo, ukadhuru sehemu zinazoratibu zamu ya kukaza na kulegeza. Uchunguzi wa afya uliofanywa mwaka 2003 chini ya mradi wa UNIDO katika kijiji cha Rwamagasa, wilayani Geita, uliwakuta baadhi ya wachomaji wa zebaki wakiwa na dalili za sumu hiyo, ukiwamo mtetemeko na kuyumba katika mwendo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020.

Wananchi wenye jamaa machimboni wanakumbushwa kuwanasihi mambo yafuatayo:

1. Zebaki isichomwe ndani ya nyumba, jikoni, wala mbele ya watoto na wajawazito.

2. Itumike retoti, chombo kilichofungwa ambacho huunasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki.

3. Anayeona mikono ikitetemeka hata baada ya kupumzika, mwandiko ukiharibika au usingizi ukipotea, afike hospitali mapema na aeleze wazi kazi anayoifanya.

Msuli ni mtumishi mtiifu. Hutenda kama ulivyoamriwa. Mkono unaotetemeka siku baada ya siku usichukuliwe kuwa umechoka tu.