Kampuni, Utenzi na Kesi ya Karama

Wajukuu zangu, mmeniuliza wahafidhina ni nani na waliberali ni nani, maana mmewasikia redioni mkadhani ni ugomvi wa Wazungu peke yao. Ulianzia kwao, kweli. Lakini ulipita hapa kwetu, tena mapema, ukateremkia Pangani.

Tuanze na Edmund Burke, mzaliwa wa Ireland aliyekuwa mbunge wa Uingereza. Mwaka 1790 aliandika kitabu cha kuyakemea mapinduzi ya Ufaransa. Hoja yake ni kwamba mila, dini na taratibu za nchi ni kazi ya vizazi vingi, na kizazi kimoja hakina haki ya kuvivunja kwa sababu tu kimepata fikra mpya. Ukirithi nyumba ya babu yako, kabla hujang'oa boriti, uliza imebeba nini. Hakusema boriti iliyooza isiguswe. Alitaka zibadilishwe mojamoja, nyumba ikiwa bado imesimama. Wahafidhina wengi humhesabu kuwa mzee wao.

Sasa jambo ambalo wengi hulipita. Burke huyohuyo ndiye aliyemshitaki Bungeni Warren Hastings, aliyekuwa gavana mkuu wa Bengal chini ya Kampuni ya Kiingereza ya India ya Mashariki, kwa kuwadhulumu Wahindi na kuzikanyaga desturi zao. Kesi ilianza 1788, ikavuta miaka 7, na mwisho Hastings akaachiwa. Miaka 100 baada ya kesi ile kuanza, Agosti 1888, kampuni nyingine, ya Wadachi, yaani Wajerumani, ilipandisha bendera yake Pangani. Mkononi ilikuwa na karatasi ya mapatano na Sultani wa Unguja. Kwa karatasi hiyo ikadhani itatwaa forodha, kodi na mamlaka ya maliwali bila kumuuliza mtu. Watu wa Mrima, yaani pwani yetu hii, wakainuka, Abushiri bin Salim akiwa mbele. Desemba 1889 akanyongwa hapohapo Pangani.

Vita hivyo vilitungiwa utenzi na mtu wa kwetu, Hemedi bin Abdallah al-Buhriy: Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Hakuwa na haja ya Burke ili aone uchungu wa kuvurugiwa dini na utawala aliouzoea na wageni wenye haraka. Mimi namweka upande wa wahafidhina, na namheshimu. Ila msiishie kwenye heshima. Utawala ule wa zamani ulikuwa na watumwa ndani yake. Mashamba ya miwa ya Pangani yalilimwa kwa jasho lao. Mtumwa angeulizwa kama anataka mambo yabaki yalivyo, angejibu nini? Swali hilo mhafidhina hulikwepa sana.

Mliberali huanza na mtu mmoja. John Stuart Mill, Mwingereza, aliandika On Liberty mwaka 1859. Anasema hata dunia nzima ikiwa na rai moja, na mtu mmoja tu akawa na nyingine, haina haki ya kumfumba mdomo, maana huenda kweli iko kwake. Wala mtu asizuiwe kutenda alitakalo ila pale anapowadhuru wengine. Mill alidai pia haki sawa kwa wanawake. Julius Nyerere, akiwa mwanafunzi kijana, alizichukua hoja hizo akaandika insha juu ya wanawake wa makabila ya Tanganyika.

Mazuri hayo. Lakini Mill aliajiriwa na Kampuni ileile ya India kwa zaidi ya miaka 30, na ndani ya kitabu chake cha uhuru aliandika kwamba kanuni yake haiwahusu watu aliowaona hawajastaarabika. Yaani mababu zenu. Ruhusa kucheka.

Na mwandishi Shaaban Robert je, mzaliwa wa Vibambani, hapa Tanga, mwaka 1909? Kitabu chake Kusadikika kilitoka 1951, naye akiwa karani katika serikali ya Mwingereza. Humo, katika nchi iitwayo Kusadikika, mtu aitwaye Karama anashitakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha watu uanasheria. Kwa siku 6 anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe 6 waliotumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini. Kila mmoja alirudi na jambo la kuitengeneza nchi, na kila mmoja akatiwa kifungoni. Mtu mmoja mbele ya baraza zima: Mill angempigia makofi.

Lakini angalieni namna Karama anavyoshinda. Hamwangushi mfalme, wala hakusanyi watu wachome baraza. Anaitumia haki ya kujitetea anayoikuta katika nchi ileile, mpaka mfalme anamwachia na wafungwa wanafunguliwa. Wapo wanaosema Shaaban aliwaogopa mabwana zake. Sikubali. Mwoga hatungi hadithi ya serikali inayowafunga watu kwa fikra zao huku anakula mshahara wa serikali ya kigeni. Tena msome Utubora Mkulima, ambamo mtu anaacha kazi na starehe za mji akaenda kushika jembe kijijini. Shaaban alitaka kinywa cha mtu kiwe huru, na alipenda maisha ya kale yenye adabu. Hakuona kwamba moja lazima liliue jingine.

Kusadikika ni kitabu kifupi. Mkifika kwenye mashtaka ya Majivuno, msiyaruke kwa kuwa mnamchukia. Hofu yake kwamba mafundisho mapya yataivuruga nchi ni hofu ambayo Burke naye alikuwa nayo.