Bosi wa Bima ya Mahasla: Mbona Hesabu Zake Zinaanzia kwa Omena na Miwa

Ukiskia mtu anasimamia bima ya afya ya familia za mapato ya chini, unaweza dhani kazi ni kuvaa tai, kupiga mihuri na kuhudhuria mikutano. Wapi! Homa Bay na Migori, kazi hiyo inaanzia ziwani na shambani.

Cheki hii. Enzi za NHIF, mtu wa juakali alilipa shilingi 500 kila mwezi. SHA ilipoingia Oktoba 1, 2024, kiwango cha chini kikawa 300 kwa mwezi. Bei imeshuka, si ndio? Shida ni kwamba asiye na mshahara anatakiwa kulipa ya mwaka mzima mara moja: 3,600. Dispensari ni bure ukishajisajili, lakini ukilazwa hospitali kubwa kama hujalipa, bili ni yako.

Sasa fikiria mama anayeuza omena pale Mbita. Kila mwaka, Aprili hadi Julai, uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaane. Miezi minne doo ni ngumu. Ukienda Awendo, Migori, mkulima wa miwa anangoja karibu miezi 18 ndio avune. Mwitishe 3,600 wakati mfuko umekauka, hatalipa. Si ati hataki bima. Hana tu.

Hapo ndio kiongozi mzuri anajulikana. Anajua msimu wa pesa, na anatuma wahamasishaji wa afya ya jamii nyumba kwa nyumba wakati huo. Anasukuma hospitali zilipwe mapema, maana zikicheleweshewa zinaanza kuitisha pesa taslimu, na watu wanaacha kuamini kadi.

Mwaka wa 2025 serikali ilileta Lipa SHA Pole Pole, mkopo wa kulipia bima kidogo kidogo. Oktoba hiyo ikaanza mpango wa kugharamia Wakenya milioni 2.2 wasiojiweza. Poa, lakini lazima mtu achague majina. Akiruka boma moja, kuna mgonjwa atauziwa ng'ombe ndio atibiwe.

Unataka kazi hii? Wengi huingia kupitia masomo ya afya ya umma, uchumi au hesabu za bima. Darasa lingine liko ufuoni, ukiuliza wavuvi pesa huingia lini.

Na wewe msomaji, piga *147# leo uone kama uko sawa. Usingoje kujua saa nane usiku ukiwa mlangoni mwa hospitali.