Soli ya Sapatu za Kufuma: Kazi Ndogo, Amana Kubwa

Katika majumba yetu viatu huvuliwa mlangoni, kwani chumba cha kukaa ndicho hicho cha kusalia, na mkeka wa kulia chakula ndio huo huo wa kusomea watoto. Ada hii ni njema, nasi hatuna neno la kuipinga. Lakini nyumba nyingi za siku hizi zina sakafu ya saruji au ya vigae, ambayo alfajiri huwa baridi, na ikipatwa na maji huteleza. Anayetaabika zaidi ni mzee atokaye kutawadha, na nyayo zake zingali na maji.

Kwa sababu hiyo mabinti wengi huwafumia mama na bibi zao sapatu za nyumbani kwa sindano ya kulabu. Ni zawadi nzuri. Ila tumeona kwamba juhudi yote huelekezwa juu ya sapatu, penye maua na rangi, na soli hufumwa kwa haraka ili kazi ikwishe. Ua likikosewa, jicho huchukia. Soli ikikosewa, nyonga huvunjika.

Wala asidhani kijana yeyote kwamba kazi ya viatu ni duni, au kwamba ni ya wanawake peke yao. Imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.) kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akivitengeneza viatu vyake na kuzishona nguo zake mwenyewe nyumbani. Na huko Iran kuna viatu vya asili viitwavyo giveh. Sehemu ya juu husukwa kwa uzi wa pamba, na aghalabu kazi hiyo ni ya wanawake. Soli hutengenezwa na fundi mwingine, kwa vipande vya nguo kuukuu vilivyokunjwa na kushindiliwa hata vikawa vigumu. Watu wale wametambua kwamba soli ni ufundi unaojitegemea.

KIPIMO. Msimamishe mwenye kuvaa juu ya karatasi, wala asikae, kwa kuwa mguu hutanuka ukibeba uzito wa mwili. Uchore, kisha upime urefu na upana. Toa upana katika urefu, na kinachobaki ndicho urefu wa mnyororo wa vitanzi wa kuanzia. Mguu wa sentimita 24 kwa 9 utataka mnyororo wa sentimita 15. Sababu ni kwamba kila mzunguko huongeza mbavuni na nchani sawasawa. Upana ukifika 9, urefu umekwisha kuwa 24.

KUFUMA. Shika uzi wa pamba mara mbili, na sindano nyembamba kuliko inavyozoeleka kwa uzi wa unene huo, ili mfumo ushikamane. Pamba huvumilia kufuliwa. Sufu ikitiwa maji ya moto hujikunyata. Fuma kwa mshono mfupi. Ukifika mwisho wa mnyororo, tia mishono mitatu katika kitanzi cha mwisho, rudi kwa ubavu wa pili, na huko nako utie mitatu. Katika kila mzunguko ufuatao ongeza mishono mitatu kwenye kila ncha, yaani sita kwa jumla, nayo uitawanye, isilundikane mahali pamoja. Soli yenyewe itakuonya: ikijikunja kama kibakuli, nyongeza ni haba, ikifanya mawimbi kama ukingo wa jani, nyongeza imezidi. Basi fumua, kwani uzi utabaki ule ule. Katika mzunguko wa mwisho tumia mshono mrefu kidogo upande wa vidole, maana mguu hapo ni mpana zaidi.

Fuma soli nne, mbili kwa kila mguu. Kati ya kila mbili weka kipande cha blanketi kuukuu kilichokatwa kwa kipimo hicho hicho, kisha uunganishe kingo zote pamoja.

KUZUIA KUTELEZA. Uzi mtupu juu ya kigae huteleza. Kata mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli uliochakaa, uoshe unga wake, utoboe pembeni kwa msharasi, na uushone chini ya kisigino na chini ya vidole. Kisha isukume sapatu kwa mkono juu ya sakafu yenye maji; ikiteleza, kazi haijakwisha. Na ya mzee sharti iwe na ukuta nyuma ya kisigino, isije ikachomoka mguuni akitembea.

Lipo jambo jingine, nalo lahusu wenye maradhi ya kisukari. Wengi wao hupungukiwa na hisi ya nyayo, na matabibu huwaasa wasitembee pekupeku hata ndani ya nyumba. Fundo la uzi ambalo wewe ungelihisi mara moja, yeye atalikanyaga siku nzima bila kujua, hata litoe jeraha, na jeraha la mguu kwao huwa zito. Basi mafundo yote yafichwe kati ya soli mbili, na kabla ya kumpa mpitishie mkono ndani. Ikiwa tabibu amemwagiza viatu maalumu, sapatu hizi hazishiki nafasi yake.

Tunawahimiza wazazi wawafunze kazi hii watoto wao, wa kike na wa kiume, na wenye kuuza waseme wazi kama soli ni moja au ni mbili. Mnunuzi huona maua. Kilichowekwa kati ya soli mbili hakijui ila aliyefuma na Mola wake. Wabillahi tawfiq.