Pine ya Kukawia au Pine ya Kushika?

Mwaka jana, katika mwezi wa pili, nilikwenda hospitali kuona ndugu mmoja kijana wa kanisa letu. Ni baba wa watoto watatu, na pikipiki yake ndiyo shamba lake. Asubuhi anapeleka watu wa kazi kwenye karieri, jioni anarudisha wamama wa soko. Mguu wake wa kuume ulikuwa umevunjika. Mimi nilifikiri alikuwa akienda mbio. Akanijibu: "Hapana, Pasta. Sikuanguka juu ya mbio. Mvua ilianza kidogo tu, nikakamata freni ya mbele, pine ikateleza sawa sabuni. Na ile pine njo nilikuwa nasifu kila siku: ilikuwa inamaliza mwaka muzima!"

Mke wake, aliyekaa kando ya kitanda, akasema polepole: "Baba ya batoto, pine ilikawia kweli. Lakini weye?"

Neno la mama huyo halikunitoka moyoni. Nyumba nyingi za kwetu zinakula kwa pikipiki. Basi, tuzungumze juu ya pine.

Mgumu na mwororo

Pine inagusa barabara kwa sehemu ndogo sana, karibu kama kiganja cha mkono. Hapo ndipo panabeba wewe, abiria na mizigo. Mpira mwororo unaingia katika vikwaruzo vya lami na kushika, hata kukiwa maji. Lakini unalika upesi. Mpira mgumu unakawia, lakini kwenye lami yenye maji unateleza. Hakuna pine inayokupa yote mawili kwa utimilifu. Anayekuambia "hii inashika kupita zote na haiishi" anataka feza yako tu.

Ukiwa dukani, bonyeza mpira kwa ukucha. Si kipimo cha kweli kabisa, lakini ukilinganisha pine mbili utasikia ile iliyo ngumu kama plastiki. Hiyo uiogope, zaidi sana kwa gurudumu la mbele.

Tazama barabara yako

Kati ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi kuko lami. Ukiiacha kwenda karieri, ni udongo mwekundu: kiangazi vumbi na mchanga, wakati wa mvua matope. Na juu ya lami yenyewe, malori yanaacha mawe, udongo na matone ya mazuti. Mvua ikianza, dakika za kwanza ndizo mbaya kupita zote, kwa maana maji yanainua mafuta na vumbi kabla ya kuviosha.

Pine ya meno makubwa yenye nafasi inachimba matope vizuri, lakini juu ya lami meno hayo machache yanabeba uzito wote, yanalika mbio. Pine ya mistari inakwenda vizuri kwenye lami. Katika matope mistari inajaa, inakuwa kama haina meno. Anayepita pande zote mbili kila siku achague meno ya kadiri: katikati yakaribiane, pembeni yawe na njia za kutosha za kutoa maji na matope.

Hesabu ya nyumba

Tuseme pine ngumu ni dola 20 na inakaa miezi 12. Ile inayoshika vizuri ni dola 24 na inakaa miezi 8. Ya kwanza inakula karibu dola 1.70 kwa mwezi, ya pili dola 3. Tofauti ni dola 1.30 kwa mwezi. Yule ndugu alikaa miezi minne bila kazi. Mama, chukua kalamu, hesabu mwenyewe.

Kama feza haitoshi kwa zote mbili, weka pine bora mbele. Pine ya nyuma inalika zaidi, kwa maana inasukuma na kubeba uzito. Huko unaweza kutafuta ile inayokawia. Lakini unapofunga freni, uzito unakimbilia mbele, na gurudumu la mbele likiteleza, ni vigumu kulirudisha. Kwa hiyo usiondoe pine iliyolika nyuma na kuivalisha mbele.

Soma ubavuni

Ukiona 3.00-17, maana yake upana ni inchi 3 na jante ni inchi 17. Fuata kipimo cha pikipiki yako. Mshale unaonyesha upande wa kuzunguka. Tarakimu nne za mwisho baada ya DOT ni tarehe ya kuzaliwa: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Pine iliyoning'inizwa juani miaka mingi inapasuka-pasuka, hata kama ni mpya. Na usikubali mtu achonge meno mapya kwa kisu juu ya pine iliyokwisha. Anakaribia nyuzi za ndani, na siku moja itapasuka ukiwa na mtu nyuma.

Upepo

Vijana, sikieni hili. Pine mwororo inayotunzwa inaweza kukawia kupita pine ngumu isiyotunzwa. Upepo ukipungua, pine inapata moto na kulika pembeni. Ukizidi, inalika katikati na kushika kidogo. Kwa pikipiki nyingi ndogo, mbele ni karibu bar 1.75, nyuma bar 2, na karibu 2.25 ukibeba mtu. Lakini kitabu cha pikipiki yako ndicho cha kufuata. Mwambie kwado apime asubuhi, pine ikiwa baridi, walau mara moja kwa juma. Na pine mpya inateleza mwanzoni: kilomita 100 za kwanza nenda polepole.

Ndugu yetu amerudi kazini. Pine ya mbele aliichagua pamoja na mke wake.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani

1. Pine ya mbele ya pikipiki yetu ina umri gani?
2. Nani anapima upepo, na siku gani?
3. Kila mwezi tunaweka kiasi gani kando kwa ajili ya pine?