Uwanda wa Ruzizi: mafuta ya hidroliki, ugonjwa uliofichika wa trakta ndogo

Mwezi wa tisa, msimu A wa kilimo unapoanza katika jimbo la Kivu Kusini, trakta iliyosimama ni hasara kwa mwenyewe na kwa majirani wanaoikodi. Katika uwanda wa Ruzizi, mashamba ya mpunga yana maji na tope, na yale ya mahindi yana vumbi. Maji na vumbi, vyote ni adui wa mafuta ya hidroliki.

Wengi hubadili mafuta ya injini kwa wakati, lakini haya mengine huyasahau. Katika trakta nyingi ndogo, mafuta yanayoinua jembe ndiyo hayo hayo yanayolainisha giaboksi. Yakichafuka, pompa huanza kulia, jembe hupanda polepole, na mwishowe pompa hufa. Bei yake inapita mbali ile ya filta.

Filta ya kwanza haipaswi kucheleweshwa. Gia mpya zikisuguana hutoa chembe za chuma. Ndiyo maana watengenezaji wengi huagiza ibadilishwe baada ya saa 50 tu za kazi. Baadaye hufuatwa kitabu cha mashine: mara nyingi filta kila saa 200, mafuta kila saa 400. Lakini mafuta yakigeuka meupe kama maziwa, maji yameingia, na hakuna kungojea saa hizo zitimie.

Kwanza trakta huwekwa mahali tambarare, jembe chini, injini imezimwa, mafuta yakiwa bado na uvuguvugu. Vizibo vyote vya chini hufunguliwa, si kimoja tu. Mpira wa filta mpya hupakwa mafuta kidogo, kisha filta hukazwa kwa mkono. Baada ya kujaza, injini huwashwa dakika chache, jembe hupandishwa na kushushwa, halafu kipimo huangaliwa tena. Mafuta ya injini hayawezi kuchukua nafasi ya aina iliyoandikwa kitabuni, hata kama ni rahisi sokoni.

Mahali panapovuja hapatafutwi kwa kidole: mafuta yenye presha hupenya ngozi, na jeraha hilo ni la kukimbizwa hospitali. Kipande cha katoni kinatosha. Mafuta ya zamani nayo hurudi ndani ya bidoni. Yakimwagwa kwenye mfereji, yatafika katika mpunga wa jirani.