Ulizo la munganga: Ulifanya kazi wapi mbele ya kuja hapa?



Kila mwaka, wakati wa kupimwa, tunaona jambo moja kwenye dispanseri. Mutu anaingia, anavua shati, anapigwa radio ya kifua, anatoa damu, na halalamiki. Lakini tukimuuliza: «Mbele ya kuja hapa, ulifanya kazi wapi? Ulikomalia wapi? Baba yako alikuwa na kazi gani?», anakunja uso. «Munganga, mimi nakohoa leo. Habari za miaka makumi mbili iliyopita ni za nini?» Mwingine anajibu ovyo tu ili atoke haraka, kwa sababu wenzake wanamungoja inje.

Leo tunajibu ulizo hilo kwa habari ya kweli. Ni habari ya mutafiti mumoja wa magonjwa, na ya makala yake moja ambayo wanganga wa inchi nyingi wanaitaja mpaka sasa. Makala hiyo ilitoka katika majibu ya watu kama sisi.

MUTAFITI ANAPIMWA NAMNA GANI?

Fundi wa mbao anajulikana kwa meza na viti vyake. Mutafiti anajulikana kwa makala anazoandika katika majarida ya wanganga. Lakini kutengeneza viti vingi si kusema kwamba viti ni vizuri. Fundi muzuri ni yule ambaye jirani anamwambia jirani: «Nenda kwa yule.»

Kwa watafiti ni vilevile. Kila mumoja wao, akiandika makala, anapaswa kuonyesha ni kazi za nani alizotegemea. Kwa hiyo inawezekana kuhesabu makala fulani imetajwa mara ngapi na wengine. Mumarekani mumoja, Eugene Garfield wa Philadelphia, ndiye aliyeanza mwaka 1964 kutoa kitabu kikubwa kinachoonyesha nani ametaja kazi ya nani. Siku hizi ordinatere zinafanya hesabu hiyo kwa muda mufupi. Vyuo vikuu vinaiangalia wakati wa kutoa vyeo na feza za utafiti.

WAGONJWA WA KIMBERLEY

Sasa twende Afrika ya Kusini, katika miaka ya 1950. Kule Kimberley, muji wa almasi, kulikuwa hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu. Munganga mukubwa wa hospitali ile, Sleggs, aliona jambo lililomusumbua. Kulikuwa wagonjwa ambao ngozi nyembamba inayofunika mapafu yao ilivimba na kujaa maji. Wote walipewa dawa za kifua kikuu. Wale waliotoka upande wa mashariki ya muji walipona. Wengi waliotoka upande wa magharibi hawakupona. Dawa ilikuwa ile ile, na wauguzi wale wale. Tofauti ilikuwa mahali walipotoka.

Upande ule wa magharibi kuna vilima vinavyoitwa Vilima vya Amianti. Amianti ni jiwe la ajabu: ukilivunja linatoka nyuzi nyembamba kama pamba, na moto hauzichomi. Ndiyo sababu watu walilipenda sana kwa kufunika mabomba ya moto na matanuru, kwa freni za magari na kwa mabati ya sementi. Amianti ya kule ilikuwa ya rangi ya bluu.

Huko Johannesburg, munganga kijana, J. C. Wagner, alikuwa na kazi ya kuchunguza maiti za watu waliokufa kwa magonjwa ya mapafu. Mwaka 1956 alipasua maiti ya mwanaume aliyezaniwa kuwa na kifua kikuu. Hakukuta kifua kikuu. Alikuta uvimbe mukubwa katika ile ngozi ya mapafu: kansere ya namna isiyoonekana mara nyingi, inayoitwa mezotelioma. Na katika mapafu, kwa mikroskopi, aliona alama za nyuzi za amianti.

Wagner, Sleggs na munganga wa kupasua aliyeitwa Marchand wakaunganisha kazi yao. Walitafuta wagonjwa wengine wenye kansere hiyo. Lakini radio na mikroskopi hazikutosha. Ilibidi kuwauliza wagonjwa, ao jamaa zao kama mugonjwa alikwisha kufa: «Ulikaa wapi? Ulifanya kazi gani? Ulipokuwa mutoto, ulicheza wapi?»

MAKALA YA MWAKA 1960

Mwaka 1960 makala yao ilitoka katika jarida moja la Uingereza la magonjwa ya kazi. Ina kurasa 12 tu. Inaeleza wagonjwa 33: wanaume 22 na wanawake 11, wenye miaka kati ya 31 na 68. Kati ya hao 33, ni mumoja tu ambaye hawakupata kwake njia ya amianti ya bluu. Wote wengine, 32, inaonekana walikutana nayo, na wengi kule kwenye vilima vya magharibi.

Wandugu, shikeni hapa vizuri. Wengi wao hawakuwa wachimbaji. Kulikuwa wamama wa nyumba, walimaji na wachungaji wa ng'ombe. Wengine walikaa tu karibu na mugodi walipokuwa watoto, wakavuta mavumbi yake, kisha wakahama na kufanya kazi safi mahali pengine. Ugonjwa uliwafuata, mara nyingi miaka 20 mpaka 40 nyuma. Kama hakuna mutu aliyewauliza habari za utoto wao, ao kama wangejibu ovyo, hakuna ambaye angejua.

WENGINE WAKAITAJA

Makala hiyo ni moja ya zile zilizotajwa sana katika elimu ya magonjwa ya kazi. Lakini tusiangalie hesabu tu, tuangalie wale walioitaja walifanya nini.

Huko London, munganga mwanamuke Muriel Newhouse na mwenzake Hilda Thompson waliuliza maulizo yale yale kwa ajili ya wagonjwa 76 wa kansere hiyo. Makala yao ilitoka mwaka 1965. Walikuta kwamba 31 walikuwa wamefanya kazi na amianti. Wengine 9 hawakuigusa kazini hata siku moja, lakini walikaa nyumba moja na mutu aliyefanya kazi hiyo. Wengi wa hao 9 walikuwa wanawake, na habari iliyosikiwa mara nyingi ni hii: bibi alifua nguo za kazi za bwana yake. Mavumbi yaliingia nyumbani kwa mulango, juu ya nguo na viatu.

Makala ikazaa makala, na mwishowe sheria zikafuata. Uingereza ilikataza amianti ya kila namna mwaka 1999, inchi zote za Umoja wa Ulaya zilipaswa kuikataza mpaka 2005, na Afrika ya Kusini yenyewe, pahali habari ilipoanzia, mwaka 2008. Ni miaka 48 tangu makala ile. Katika muda huo watu wengi waliendelea kuvuta mavumbi.

HESABU PEKE YAKE HAITOSHI

Tusikose kusema jambo hili pia: makala inaweza kutajwa sana bila kuwa ya kweli. Mwaka 1998 jarida kubwa la London lilitoa makala juu ya watoto 12 tu, na watu wengi wakaanza kuogopa chanjo ya surua. Ilitajwa mara nyingi sana. Mwaka 2010 jarida lenyewe liliifuta, kwa sababu haikuwa kazi ya haki. Mezotelioma ni kinyume: wengine walirudia uchunguzi katika inchi nyingine, na jibu likawa lile lile. Hiyo ndiyo nguvu yake.

Na angalieni tena. Jina la Wagner linatajwa kwanza, kwa kuwa lilikuwa mbele. Jina la Sleggs, aliyeona tofauti ya mashariki na magharibi, wachache wanalijua. Na wale wagonjwa 33 ni namba tu katika makala. Hata hivyo, bila wao Wagner asingekuwa na kitu cha kuandika.

KOSA LANGU MWENYEWE

Nilipoanza kazi hii, mahali pengine, nilikuwa na haraka. Palipoandikwa «Kazi» kwenye fishi, niliandika «mufanyakazi», basi. Mzee mumoja alipita mbele yangu mara tatu na kukohoa kwake. Sikumuuliza kitu. Alipokwisha kufa, mutoto wake alikuja kutafuta karatasi ya kuonyesha kwamba baba yake alitengeneza matanuru miaka mingi, katika mavumbi. Tulifungua fishi pamoja. Ilisema «mufanyakazi». Hakukuwa kitu cha kumupa. Alikunja kofia yake, akaniaga kwa heshima, akaenda zake. Tangu siku ile ninauliza, hata kama mutu anakasirika.

TUFANYE NINI?

1. Kwenye dispanseri, taja kazi zako zote, hata zile za ujana, na mahali ulipokomalia. Ukisahau, uliza muke wako ao ndugu yako mukubwa, kisha urudi kutuambia. Angalia kama tumeandika vizuri.

2. Nguo za kazi zibaki kazini, kama kuna pahali pa kuzifulia. Kama hakuna, mama, usizikungute ndani ya nyumba. Uziloweshe kwanza katika maji, mbali na watoto na sahani.

3. Mabati ya zamani ya sementi, na kifuniko cha zamani cha mabomba ya moto, vinaweza kuwa na amianti. Usivikate kwa musumeno, usivitoboe, usivivunje. Mwambie mukubwa wa usalama. Watoto wasichezee vipande vyake, wala wasicheze juu ya malundo ya mavumbi ya mugodi.

4. Acha tumbako. Mutu aliyevuta amianti na anavuta sigara pia, hatari yake ya kansere ya mapafu inazidi sana.

Amianti si mavumbi mabaya peke yake. Mavumbi ya mawe nayo yanaharibu mapafu polepole, na hayapigi kelele. Kwa hiyo vaa maski, mwanga maji, na siku ya kupimwa usikimbilie mulango. Munganga akikuuliza ulitoka wapi, keti, ukumbuke, umujibu.