Sarafu Zilizochezewa kwenye Minada ya Mtandaoni

Sarafu iliyochezewa ni sarafu halali iliyobadilishwa ili ionekane adimu au mpya kuliko ilivyo. Mnunuzi wa Thika au Ruiru anayetafuta shilingi za Afrika Mashariki za enzi ya ukoloni aanze na mwaka. Shilingi za 1921 hadi 1946 zilichanganywa robo ya madini ya fedha. Kuanzia 1948 zikawa za shaba na nikeli. Shilingi ya 1950 inayotangazwa kuwa ya fedha imepakwa, au muuzaji hajui anachouza. Mizani ya sonara haisaidii hapa, maana zote zina gramu 7.8 hivi.

Tarakimu ya mwaka iliyochongwa upya hutofautiana na jirani zake kwa unene na kimo. Herufi H au KN, alama za viwanda vya Birmingham, zikibandikwa huacha mstari mwembamba pembeni, unaoonekana kwa kioo cha kukuzia. Ulaghai wa kawaida zaidi ni kusugua: sarafu kuukuu inayong'aa kama sufuria mpya imeshapoteza thamani. Muuzaji asiyetaka kutuma picha safi za pande zote mbili na ukingo aachwe na sarafu yake.